Uzi: Kuimba bila ala, mapokeo yake, na kwa nini kwaya hushuka kinanda kikinyamaza

#1 Mzee wa Solfa

Wakuu, swali hili huulizwa kila mara na hujibiwa juujuu: kwa nini kwaya ikiimba bila kinanda huanza kwenye G na kumalizia kwenye F? Jibu la haraka ni "mazoezi hayatoshi". Hilo ni jibu la uvivu. Kwaya zilizofanya mazoezi ya kutosha nazo hushuka, tena mara nyingine hushuka kwa sababu zinaimba vizuri. Nitaeleza.

Kuna mapokeo ambayo yameimba bila ala kwa karne nyingi na yana mbinu zake za kushika sauti mahali pake. Nataka tuyapitie tukiuliza jambo moja tu: sauti inashikwa na nani, na kwa njia gani? Historia ije pale inapojibu swali hilo.

Naanza na hesabu, maana ndiyo chanzo. Nusu toni moja ya kinanda imegawanywa senti 100. Kinanda kimelinganishwa kwa hila: kila nusu toni ni sawa, kwa hiyo karibu kila kitu kimepinda kidogo. Mi iliyo juu ya do kwenye kinanda iko senti 400. Sikio likiachwa huru linaipenda mi ya senti 386, ile iliyo katika uwiano wa 5 kwa 4, kwa sababu hapo sauti mbili zinatulia na mtikisiko unapotea. So safi iko senti 702 badala ya 700, tofauti ambayo haisumbui. Mi ndiyo yenye tofauti kubwa: senti 14.

Sasa chukua mfuatano ambao uko katika nusu ya nyimbo tunazoimba: chodi ya do, chodi ya la, chodi ya re, chodi ya so, kisha rudi do. Kila sauti ikilinganisha noti yake kwa usafi na noti iliyobaki kutoka chodi iliyotangulia, hii ndiyo njia: la inatokana na do, re inatokana na la, so inatokana na re, na do mpya inatokana na so. Piga hesabu utakuta do mpya iko chini ya ile ya kwanza kwa senti 21.5. Hakuna aliyekosea! Rudia mfuatano huo mara tano na umeshuka nusu toni na ziada kidogo. Giovanni Battista Benedetti aliliandika jambo hili Italia katika karne ya 16, kwa hiyo si ugonjwa wa kizazi hiki.

Dawa yake: katika chodi ya re, anayeimba re asiichukue kutoka kwa la. Aichukue kutoka kwenye do iliyo kichwani mwake, kana kwamba anaimba do-re. Anayeshikilia la ndiye asogee juu kidogo kumfuata. Mwalimu akiweka alama ya mshale mdogo wa kupanda juu ya la hiyo kwenye karatasi, nusu ya tatizo imekwisha.

#2 Alto Mkali

Mwalimu, hiyo hesabu ni kweli lakini usiwape watu kisingizio. Kwaya nyingi hushuka kwa mambo ya kawaida kabisa kabla hata ya kufika kwenye senti 21:

Noti zinazorudiwa. Ukiimba so-so-so-so-so, ya tano huwa chini ya ya kwanza. Pumzi imepungua, na akili imeshahamia kwenye noti inayofuata.

Hatua za kushuka. Watu hushuka toni nzima kwa "toni na robo", na hupanda kwa "toni kasoro". Ukijumlisha ubeti mzima, unazama.

Ti isiyofika. Kabla ya do ya mwisho, ti ikiwa mvivu, do inaifuata chini.

Na irabu za mwisho. Kiswahili kinatilia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwimbaji huiachia silabi ya mwisho ikafa. "Bwa-NA-ni" inakuwa "Bwana n..." na sauti inashuka na pumzi. Silabi ya mwisho haitakiwi kupigiwa kelele, lakini inatakiwa kubaki na pumzi ileile.

#3 BesiChini

Ongeza na *m* inayosimama peke yake: mfalme, mtu, mlima. Ni silabi kamili na ina noti yake. Watu huimba *m* kwenye noti iliyopita halafu wanatelezea juu hadi kwenye noti ya silabi inayofuata, kama "fa" ya mfalme. Kwa sauti nne tofauti, unapata mitelezo minne kila neno. Kinanda kikiwepo kinafunika. Kikiondoka unasikia kwaya kama inasukuma mlango. Funga midomo, weka *m* palepale penye noti yake, kisha fungua.

#4 Kijukuu cha Zaburi

Nijibu swali la Mzee kuhusu mapokeo, nikianza na yale ya ison kwa sababu yana jibu jepesi kuliko yote.

Katika uimbaji wa Kibizanti wa makanisa ya Kiorthodoksi, melodi ni moja. Chini yake kundi linashikilia noti moja tu, hiyo ndiyo ison. Haiendi na melodi. Inakaa kwenye noti ya msingi wa toni (ziko toni nane) na inahama pale tu melodi inapohamia kituo kingine. Mwimbaji wa melodi anaweza kupita kwenye vipande vidogo kuliko nusu toni, vipande ambavyo kinanda hakina, na asipotee, kwa sababu kipimo kinasikika muda wote.

Kosa la wanaojaribu kuiga: wanaweka ison nzito mno. Ison nzuri ni ndogo kuliko melodi, irabu yake inafuata irabu ya melodi au inabaki mdomo karibu kufungwa, na haikatiki. Watu wanne wanatosha kabisa, wakipokezana pumzi.

Warusi walipita njia nyingine. Hawana ala kanisani vilevile, lakini waliingiza sauti nne na kuzigawa zaidi, na uzito wakauweka chini. Kazi ya Rachmaninoff ya Mkesha wa Usiku Kucha, ya mwaka 1915, ina sehemu ya tano inayomalizika kwa besi kuteremka hatua kwa hatua hadi B♭ iliyo chini kabisa ya mistari, kama mitetemo 58 kwa sekunde. Wale wanaoifika huitwa oktavisti. Kazi yao kubwa haihusu kujionyesha. Besi ikiimba do oktava moja chini, harmoniki zake (milio midogo ya juu iliyomo ndani ya noti) zinaanguka palepale zinapoimba teno na alto, na sauti za juu zinapata mahali pa kujilinganisha.

Tusiwaweke Waorthodoksi wote kapu moja, hata hivyo. Wahabeshi wana ngoma ya kebero na kayamba ya chuma, Wakopti wana matoazi na pembetatu, na parokia nyingi za Kigiriki Marekani zina kinanda.

#5 Teno_Pembeni

Na Kapela ya Sistine, ile ya Papa kule Roma? Kila mtu husema "akapela (kuimba bila ala) halisi ni Palestrina", yule mtunzi wa karne ya 16.

#6 Kijukuu cha Zaburi

@Teno_Pembeni hapo kuna nusu ukweli. Kapela ya Sistine yenyewe haikutumia ala wala kinanda, na ndiyo inayohusishwa na jina hili (a cappella, yaani "kwa mtindo wa kapela"). Lakini hiyo ilikuwa desturi ya nyumba moja. Makanisa mengi ya karne ya 16, Venice na Hispania yakiwemo, yaliimba muziki wa aina ileile huku kinanda na tarumbeta za mbao na za shaba zikifuata sauti noti kwa noti. Picha ya enzi ya dhahabu isiyokuwa na ala popote ni zao la karne ya 19, watu walipoanza kuichukulia Sistine kama kielelezo cha wote. Hata ile C ya juu maarufu katika Miserere ya Allegri, wimbo wa Kapela hiyohiyo, haikuwemo katika maandishi ya mtunzi. Imezaliwa katika nakala za karne ya 19.

Papa Pius wa Kumi katika waraka wake wa Novemba 1903 aliweka wimbo wa Gregori kuwa kielelezo cha juu, akafuatisha polifonia (muziki wa sauti nyingi) ya shule ya Kirumi, akapiga marufuku piano na ngoma, lakini kinanda cha mabomba akakiruhusu. Kwa hiyo hata waraka mkali kiasi hicho haukudai ukimya wa ala.

Wa kudai walikuwa upande mwingine, kwa Waprotestanti wa karne ya 16. Zürich chini ya Zwingli hata kuimba kwenyewe kulisimama. Geneva ya Calvin ilibakisha zaburi, zikakamilika zote 150 mwaka 1562, zikiimbwa kanisani kwa sauti moja bila ala. Sauti nne za mtunzi Goudimel zilikuwa za nyumbani. Uskoti ikafuata njia hiyo, na kule visiwani wanakoimba Kigaeli umebaki mtindo ambao mtu mmoja anautoa mstari, kisha kusanyiko linaupokea taratibu, kila mmoja akiupamba kivyake. Mwanzoni sababu ilikuwa ya kawaida: vitabu vichache na wasomaji wachache. Sasa ni sanaa.

Swali la Mzee lina jibu la kushangaza hapo: hakuna anayeshika sauti, na hakuna haja. Kiongozi anatoa kila mstari upya, kwa hiyo kushuka kunasahihishwa au kunafuatwa kila baada ya sekunde chache. Kwa kuwa hakuna chodi, hakuna la kuharibika.

Free Church ya Uskoti iliruhusu tenzi na ala mwaka 2010, kila usharika uamue. Baadhi wamebaki na zaburi bila ala.

#7 Mzee wa Solfa

Safi sana. Naongeza Marekani, maana huko hoja ya ala iligawa watu kabisa. Makanisa ya Kristo yalihesabiwa peke yake katika sensa ya dini ya mwaka 1906, baada ya miongo ya kuvutana na wenzao ambapo kinanda kilikuwa moja ya mambo makubwa. Hoja yao inasimama juu ya Waefeso 5:19 na Wakolosai 3:16: Agano Jipya linataja kuimba, halitaji kupiga. Matokeo yake kimuziki ni kwamba kusanyiko zima ndilo kwaya, na mtoto hukua akisikia sauti nne kutoka kila benchi.

Tena kuna nota za maumbo. Mwaka 1801 kitabu cha Little na Smith kilitumia maumbo manne: pembetatu ni fa, duara ni so, mraba ni la, almasi ni mi. Skeli nzima inakuwa fa-so-la-fa-so-la-mi-fa. Kitabu cha Sacred Harp cha 1844 kinaimbwa hadi leo kwa mfumo huo. Wanakaa mraba, kila sauti upande wake, wote wakitazama katikati. Anayeongoza anasimama katikati, mahali pekee ambapo sauti zote nne zinafika kwa nguvu sawa. Melodi iko kwa teno, wanaume na wanawake pamoja. Kwanza wanaimba majina ya maumbo, kisha maneno.

Hilo la kuimba majina kwanza ndilo la kuiba. Ukiimba "la" unajua uko wapi kwenye skeli. Ukiimba "Halleluya" hujui, unafuata mkumbo. Na hawatumii uma wa sauti wala filimbi: mtu mmoja mwenye uzoefu anakadiria sauti inayofaa kwa koo za siku hiyo, na F iliyoandikwa inaweza kuimbwa D bila mtu kujali.

Solfa yetu ya herufi, iliyoanzishwa na Sarah Glover wa Norwich na kuenezwa na John Curwen kuanzia miaka ya 1840, ina faida ileile. Tatizo ni kwamba walimu wengi wanaitumia kufundisha noti siku ya kwanza kisha wanaitupa. Irudisheni kwenye mazoezi ya mwisho. Wimbo unaoshuka, uimbwe kwa solfa tupu bila maneno. Mahali unapoanzia kushuka patajitokeza penyewe.

#8 Alto Mkali

Mwalimu, kabla hatujafika mbali, tuwape watu namna ya kutoa sauti, maana nusu ya aibu hutokea hapo. Mtu anatoa simu, inacheza mlio, watu wote wanaguna noti nne tofauti.

#9 Mzee wa Solfa

Uma wa sauti wa A (440) unatosha kwa kila kitu. Jifunze hii kwa moyo:

Do ikiwa A, uma unakupa do.
Do ikiwa G, uma unakupa re.
Do ikiwa F, unakupa mi.
Do ikiwa E, unakupa fa.
Do ikiwa D, unakupa so.
Do ikiwa C, unakupa la.
Do ikiwa B♭, unakupa ti.

Kwa E♭: chukua A, panda nusu toni, hiyo ni so, shuka so-mi-do. Kwa A♭: shuka nusu toni, umefika do. Wimbo wa huzuni wa D ndogo una do ya F, kwa hiyo uma ni mi, shuka hadi la.

Gonga uma kwenye goti au kiwiko, usigonge mezani kwa sababu utapinda na kelele itakutangulia. Shina liweke kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Igune do kichwani kwanza, kisha toa kwa sauti ndogo so-mi-do, halafu noti za kuanzia kutoka chini kwenda juu: besi, teno, alto, soprano. Kwa nini besi kwanza? Kwa sababu wengine watajipima kwake wakati wa kuimba pia. Waimbaji wasirudishe kwa kuguna kwa nguvu. Wavute pumzi kwenye irabu ya neno la kwanza na waanze.

#10 BesiChini

Ufunguo wa F naomba utajwe kwa jina. Ni mashuhuri kwa kushusha kwaya. Noti muhimu za wimbo zinaangukia mpakani mwa sauti ya kifua na ya kichwa, kwa soprano na teno wote wawili, na kila wakifika pale wanapunguza pumzi. Pandisha hadi F♯ au shusha hadi E na wimbo uleule unasimama. Kwa wenye uma: F♯ ni kutafuta mi yako A kisha kupandisha nusu toni kabla ya kushuka kwenda do.

Sasa nyumbani kwetu mabesi: isicathamiya, uimbaji bila ala wa Wazulu wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 Solomon Linda na Original Evening Birds walirekodi Johannesburg wimbo wa Mbube, na aina nzima ya uimbaji wa nguvu ikaitwa kwa jina hilo. Baadaye mtindo ulitulia, ukaingia hatua za kunyata zilizokubalika kwenye mabweni ya wafanyakazi, na Joseph Shabalala aliyeanzisha Ladysmith Black Mambazo mwaka 1960 akaupeleka mbali. Kufikia albamu ya Paul Simon wa Marekani ya mwaka 1986, ambayo waliimba ndani yake, dunia nzima ilikuwa imesikia.

Angalieni mgawanyo wa watu. Kwenye kwaya ya kanisa mwalimu husema soprano 10, alto 8, teno 4, besi 4, akalia kwamba haisikiki chini. Kundi la isicathamiya la watu kumi linaweza kuwa na besi sita au saba, kiongozi mmoja, na sauti za juu moja moja. Besi nyingi zinaimba kwa sauti ndogo. Besi wawili wakilazimishwa kuujaza ukumbi watapiga kelele, na besi anayepiga kelele hupanda juu ya noti. Besi saba wanaonong'ona wanakupa ardhi.

Mkiwa 16 bila ala, mimi nashauri besi 5, teno 3, alto 4, soprano 4. Soprano wanne wanasikika kuliko mnavyodhani.

#11 Teno_Pembeni

Mkuu BesiChini unajipendelea tu 😂

#12 BesiChini

Ndiyo. Lakini waulize na watu wa barbashopu, ule uimbaji wa sauti nne wa Marekani. Wanne tu: lidi ana melodi, teno yuko juu yake kwa wepesi, baritoni anajaza nafasi iliyobaki, besi chini. Kwa nguvu ya sauti besi ndiye mkubwa, lidi anafuata, baritoni mdogo, teno mdogo kabisa. Mtindo huu una mizizi kwa Wamarekani weusi wa mwisho wa karne ya 19, ingawa chama kilichoundwa Tulsa mwaka 1938 kuuhifadhi kiliwafungia weusi mlango hadi 1963.

Chodi yao pendwa ni do-mi-so na ti iliyoshushwa, katika uwiano wa 4:5:6:7. Hiyo noti ya saba safi iko senti 31 chini ya ile ya kinanda. Ikikaa sawa chodi inalia, unasikia noti ya tano juu ambayo hakuna anayeiimba. Sardinia, kwenye nyimbo za Juma Kuu kule Castelsardo, wanaume wanne wanafanya jambo hilohilo na sauti ya tano wanaiita quintina. Watu waliotengana namna hiyo wamefika kwenye fizikia ileile kwa masikio tu.

#13 Alto Mkali

Kwa noti zinazolia, irabu zifanane kwanza. Alto akiimba "e" pana na teno "e" nyembamba, hata wakiwa kwenye mitetemo sawasawa hamtasikia mlio. Zoezi: chodi moja, wote kwenye "u", kisha "o", "a", "e", "i", bila kukata pumzi. Irabu ambapo chodi inachafuka ndiyo ya kufanyia kazi. Mara nyingi ni "i", kwa sababu wengine wanavuta midomo kando na sauti inapanda ukali, wengine wanaiweka nyuma.

Na mtikiso wa sauti. Mwimbaji pekee aweke atakavyo. Katika chodi ya watu 16 mtikiso mpana unafuta mi safi kabisa, maana mi yenyewe inatofautiana senti 14 tu na ya kinanda, na mtikiso wa kawaida unazidi hapo mara kadhaa.

Kupokezana pumzi nako kuna sheria zake: usipumue pale mstari unapoishia kwa maana, wala pamoja na jirani yako. Toka katikati ya irabu ndefu, usitoke kwenye konsonanti. Ukirudi, rudi chini ya sauti uliyoiacha kisha ukue. Konsonanti usiipige tena.

#14 StudioYaGizani

Nimefuatilia kimya. Niongeze upande wa nyimbo za burudani na kurekodi, maana huko hakuna mwangwi wa kanisa wa kukusaidia.

Kihistoria kuna matawi mengi: Fisk Jubilee Singers walioanza ziara mwaka 1871, kwarteti za injili, vijana wa duwopu wa kona za mitaa, King's Singers kutoka Cambridge tangu 1968, Take 6 waliotoka chuo cha Waadventista cha Oakwood na kuleta chodi za jazi za sauti sita. Mwaka 1988 Bobby McFerrin alifika namba moja Marekani kwa wimbo uliotengenezwa kwa mwili na sauti yake tu, alizozirekodi moja juu ya nyingine. Tangu hapo akapela ya pop imeingia ngoma za mdomo.

Ngoma hizo kwa ufupi: "b" ya midomo ni ngoma kubwa, "ts" ni toazi, "k" au "pf" ni ngoma ndogo (snea). Anayeanza huishiwa pumzi kwenye baa ya nane. Siri ni "k" ya kuvuta hewa ndani: kila pigo la 2 na la 4 linakuwa pumzi. Maiki iwe karibu na mdomo, kando kidogo ya mkondo wa hewa, la sivyo "b" italipuka.

Kurekodi: msiweke piano masikioni kama kipimo. Piano inakupa mi ya senti 400 na mnaishia kati ya mbili. Wekeni mlio mmoja mrefu wa do na mapigo ya metronomu. Rekodi besi kwanza, kisha melodi, kisha za ndani. Kwenye njia za sauti za juu kata mitetemo iliyo chini ya 100, kwa besi acha hadi 60 au 70, kwa sababu E ya chini ya besi iko 82.

Programu za kurekebisha sauti zinavuta kila noti kwenye mstari wa kinanda. Ukiiwasha kwa nguvu kwa wote, kila mi inapandishwa senti 14 na chodi inakuwa ngumu kama ya kinanda cha bei rahisi. Sahihisha melodi na besi kwa upole. Za ndani ziguse kwa mkono, pale tu penye kosa la kweli.

#15 Teno_Pembeni

Sasa swali la uchokozi: ngoma ya mdomo ikisikika kama ngoma, je, ule wimbo bado hauna ala?

#16 Kijukuu cha Zaburi

Umegusa penyewe, na Wakristo hawako peke yao. Katika nashidi za Waislamu, wapo wanaozuia ala zote, wapo wanaoruhusu dufu, na studio zao zimejaa sauti za watu zilizogeuzwa hadi zifanane na nyuzi na vinanda. Wapo wanaosema kilicho halali kwa chanzo kinabaki halali, na wapo wanaosema sikio linasikia ala, basi ni ala. Wayahudi washika sheria nao huacha muziki wa ala katika majuma kati ya Pasaka na Shavuoti, na albamu za sauti tupu hutoka kwa ajili ya kipindi hicho. Ubishi wao ni huohuo. Katika Makanisa ya Kristo pia utawakuta wanaokataa kuiga ala kwa mdomo.

Mimi kimuziki naona hivi: sauti ikibeba maneno inafuata sheria za irabu na pumzi tulizozitaja. Ikiacha maneno na kuiga gitaa, inafuata sheria za gitaa. Yote mawili yanahitaji ufundi, lakini mazoezi yake ni tofauti, na kwaya inayochanganya bila kujua hufanya yote nusunusu.

#17 Alto Mkali

Mzee, funga na ratiba ya mazoezi basi. Juma Kuu linakaribia na wengi wataimba bila kinanda kuanzia Gloria ya Alhamisi Kuu hadi Gloria ya Mkesha wa Pasaka.

#18 Mzee wa Solfa

Kanisa Katoliki kwa siku hizo linaruhusu kinanda kusindikiza uimbaji tu. Kwaya nyingi zimezoea kukinyamazisha kabisa, na si vibaya.

Kwa mazoezi ya dakika 90, tengeni 20 za mwanzo hivi. Dakika tano: besi nusu washike do kwa "u", wengine wapande skeli polepole, kila noti mapigo manne, wasisogee hadi noti itulie. Dakika tano: chodi moja kwenye irabu tano, kama alivyosema Alto. Dakika kumi: ubeti mmoja wa wimbo, baa nne kwa sauti, baa nne kichwani kimyakimya, baa nne kwa sauti. Anayeingia vibaya baada ya ukimya ndiye aliyekuwa akifuata jirani.

Kisha imbeni wimbo mzima na gonga uma mwisho wa kila ubeti, usiseme kitu, andika tu. Ikishuka polepole sawasawa kila ubeti, tafuta mfuatano wa chodi niliosema mwanzo au hatua za kushuka. Ikishuka ghafla sehemu moja, kuna noti moja yenye kosa, na mara nyingi iko kwa alto au teno. Ikipanda, mnaharakisha au mnapiga kelele: punguza sauti, usipunguze kasi.

Ikitokea siku yenyewe mmeshuka nusu toni katikati ya wimbo, usimpandishe mtu kwa mkono. Malizieni mlipo. Sauti itoe kwa uma kwa wimbo unaofuata, na uitoe upya kutoka kwenye A, usiichukue kutoka kwenye noti ya mwisho iliyobaki masikioni.

#19 BesiChini

Na msiwaweke besi pembeni kabisa mwa mstari. Katikati, nyuma, ili soprano na teno wote wawasikie. Kwenye ukumbi wenye mapazia na mazulia, sogeleaneni hadi mabega yakaribie kugusana. Kwenye kanisa la mawe lenye mwangwi wa sekunde mbili au zaidi, achianeni nafasi ya hatua moja na punguzeni kasi kidogo, maana chodi iliyopita bado iko hewani wakati mnaingia kwenye nyingine.